Cheche ya Kibiriti na Siri ya Mlima Mrima

Juzi nilikuwa Saboti, nje kidogo ya Kitale, nyumbani kwa rafiki yangu mkulima wa mahindi. Baridi ya huko sisi watu wa Pwani hatuiwezi. Stima zilikuwa zimepotea, basi mwenyeji wangu akatoa kibiriti cha gesi, akawasha jiko. Kisha akaniuliza: "Bwana, hayo madini yenu ya Kwale tunayoyasikia redioni, ni dhahabu au ni kitu gani?"

Nikamwambia, "Jibu unalo mkononi."

Kile kijiwe kinachotoa cheche ndani ya kibiriti si jiwe hasa. Ni mchanganyiko wa chuma na madini adimu, zaidi seriamu na lanthanamu. Aliyeubuni mwaka 1903 ni Carl Auer von Welsbach wa Austria. Ni yeye pia aliyetengeneza ule utambi mweupe, kama kijifuko, unaong'aa ndani ya taa ya karabai. Wavuvi wetu wa dagaa wameyatumia madini haya miaka mingi bila kuyajua jina.

Kuyaita adimu kunatupoteza kidogo. Seriamu ardhini inakaribia shaba kwa wingi. Ugumu wake ni kuitoa. Lanthanamu ilipogunduliwa Sweden mwaka 1839 ilipewa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kujificha, na kwa kweli inajificha. Katika Mlima Mrima, madini haya yamefungamana na fosfati ndani ya udongo uliotokana na mawe ya volkano ya kale. Jamii hiyo ya mawe haiko mbali na Saboti pia: ukivuka mpaka kwenda Tororo, Uganda, utaikuta katika vilima vya Sukulu.

Sasa yanatolewaje? Njia moja ya zamani ni kuyapika mawe yaliyosagwa pamoja na kostiki, ileile ya kutengenezea sabuni. Kostiki inaondoa fosfati. Kinachobaki kinayeyushwa katika tindikali ya haidrokloriki, na hapo ndipo inapozaliwa kloridi ya madini adimu.

Kloridi hii ni chumvi, ndugu wa chumvi ya mezani. Katika chumvi ya mezani, chembe moja ya sodiamu inashikana na klorini moja. Lanthanamu inashika tatu. Inayeyuka majini kwa urahisi, na ikikauka inakuwa fuwele nyeupe. Ya neodimiamu, madini ya kutengenezea sumaku za magari ya umeme, ina rangi ya waridi. Ya praseodimiamu ni ya kijani.

Lakini fuwele hizo zimebeba maji ndani yake. Za lanthanamu zina molekuli saba za maji kwa kila moja ya chumvi. Ukidhani utayakausha kwa kuzichoma tu, umeharibu kazi. Maji yanaivunja kloridi, mvuke wa tindikali unatoka, na unabakiwa na unga usiofaa. Ni lazima uchome pamoja na kloridi ya amonia, kwa uangalifu. Ikishakauka sawasawa, inayeyushwa kwa moto wa zaidi ya nyuzi 800 na kupitishwa umeme. Ndipo chuma cha kijiwe cha kibiriti kinapopatikana.

Kazi ngumu zaidi ni kuyatenganisha. Madini haya yanafanana kama mapacha: karibu yote yanashika klorini tatu, na ukubwa wa chembe zake unapishana kidogo mno. Kiwandani, maji ya kloridi hupitishwa hatua kwa hatua, pengine mamia ya hatua, ndipo kila moja litoke peke yake. Hapo ndipo pesa zilipo. China inaongoza dunia kwa sababu ya viwanda hivyo, si kwa sababu ya mashimo peke yake.

Liko na jambo la pili. Pamoja na madini haya kuna thoriamu, yenye mionzi. Watafiti wamepima Mrima na kukuta mionzi ya asili iliyo juu kuliko kawaida. Mlima ukiwa umetulia na msitu wake wa kaya, hilo ni jambo moja. Ukichimbwa, ukasagwa na kupikwa, thoriamu hubaki kwenye taka, na taka lazima ziwe na pa kukaa.

Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilitangaza kuwa madini adimu ya Mrima yana thamani ya dola bilioni 62.4. Mwaka huohuo Waziri wa Madini, Najib Balala, akafuta leseni yake. Kampuni ikaishtaki Kenya kwenye mahakama ya usuluhishi iliyo chini ya Benki ya Dunia, na Oktoba 2018 ikashindwa, kwa kuwa leseni ilitolewa bila kufuata sheria, ikiwemo ya mazingira.

Zile bilioni ni hesabu ya madini yaliyokwisha kusafishwa. Udongo ukipakiwa melini hivihivi, thamani hiyo inapatikana bandari ya mwenzetu. Majirani zetu wa ng'ambo ya bahari, India, waliliona hili mapema. Mchanga wa fukwe za Kerala walizuia usiuzwe mbichi, na mwaka 1952 wakafungua kiwanda Aluva cha kuufanya kloridi wao wenyewe.

Kwa hivyo, ndugu zangu wa Kwale, siku mtakapoitwa kwenye baraza kuhusu Mrima, msiulize tu fidia ya shamba ni shilingi ngapi. Ulizeni: kloridi itatengenezwa wapi? Vijana wetu watasomeshwa kazi hiyo? Tindikali itamwagwa wapi? Na thoriamu italala kwa nani?

Rafiki yangu akakizima kibiriti, akanijibu: "Kumbe ni kama mahindi yetu. Anayepata ni mwenye kinu."

Sikuwa na la kuongeza.