Malengo manne ya maisha kwa Wahindu: mali kwanza au wajibu kwanza?

Wadau, naanza na Kamasutra. Najua mnacheka, maana wengi hapa Korogwe tumeitafuta mtandaoni kwa ajili ya picha tu. Lakini Vatsyayana, aliyeiandika kama miaka 1,700 iliyopita, kabla hajagusa mambo ya chumbani anaongelea kwanza malengo ya maisha ya binadamu. Wahindu wanayahesabu manne.

Kuna dharma, yaani wajibu na mwenendo wa haki. Neno lenyewe limetokana na kitenzi cha Kisanskriti chenye maana ya kushikilia, jinsi nguzo inavyoshika nyumba. Kuna artha: mali, riziki, hata madaraka. Kuna kama (sio hii yetu ya "kama kawa"!), raha, mapenzi, muziki. Halafu moksha, kufunguliwa kutoka mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Hili liliongezwa baadaye, vitabu vya zamani mara nyingi vinataja matatu tu.

Kilichonivutia ni kwamba mali sio dhambi. Tumezoea kumsema Mhindi wa dukani eti anapenda hela mno (na wengi wala sio Wahindu, ni Waismailia na Mabohora), kumbe kwa Mhindu kutafuta hela ni sehemu ya maisha mema. Ila kuna mipaka. Vatsyayana anasema yakigongana, dharma inaishinda artha, na artha inaishinda kama. Isipokuwa kwa mfalme: kwake artha ndio ya kwanza, maana maisha ya watu yanaitegemea.

Hapo ndipo penye utata. Binamu yangu kaacha shule kidato cha tatu, kaenda Magambazi, Handeni, kuchimba dhahabu. Shangazi hasemi naye. Yeye anauliza, wadogo zangu wale nini? Kwa kweli kulisha nyumba nako ni dharma, na pale kwao mfalme ni yeye. Lakini Vatsyayana huyo huyo anasema utoto ni wa kutafuta elimu, ujana wa raha, uzee wa dharma na moksha. Na shimo la dhahabu halisubiri mtu azeeke, likiporomoka limeporomoka.

Shaaban Robert, mtu wa Tanga huku huku, shujaa wake katika Utubora Mkulima anaacha kazi ya ofisini akalime. Ila Utubora hakuwa na wadogo wanaosubiri unga.

Shangazi kaniomba niongee na kijana akija sikukuu. Nyie mngemwanzia na lengo lipi?