Konchellah, Rudisha au Wanyonyi: Nani aliwika zaidi katika mita 800?

MABISHANO kuhusu Michael Jordan na LeBron James hayana mwisho popote vijana wanapocheza mpira wa vikapu, na mji wa Kitengela si tofauti na kwingineko. Mmoja hukumbusha mataji sita ambayo Jordan alitwaa akiwa na Chicago Bulls kati ya 1991 na 1998. Mwenzake hujibu kuwa LeBron ametwaa manne akiwa na timu tatu tofauti. Akitajwa Wilt Chamberlain, aliyefunga pointi 100 katika mechi moja mwaka wa 1962, huulizwa wapinzani wake walikuwa wa namna gani, na hapo mjadala hurudi ulikoanzia.

Katika riadha, wengi hudhani swali hilo halipo kwa sababu saa hutoa uamuzi. Kaunti ya Kajiado ina sababu yake ya kulitazama tena dai hilo. Tangu 2012, morani wa nyanda za Kimana, karibu na mbuga ya Amboseli, wamekuwa wakishindana katika Olimpiki za Wamaasai, zilizoanzishwa ili ushujaa wa kijana upimwe kwa riadha badala ya kuua simba. Hutupa rungu na mkuki, huruka juu, na hukimbia mbio kadhaa, zikiwemo za mita 800. Mlezi wa mashindano hayo ni David Rudisha, mshikilizi wa rekodi ya dunia ya umbali huo. Ni baada ya kuhudhuria mashindano ya Desemba 2022 ambapo ndege ndogo aliyoabiri pamoja na wenzake watano ilianguka eneo la Imbirikani, katika kaunti hiyo hiyo. Wote walinusurika.

Rudisha si mzaliwa wa Kajiado. Anatoka Kilgoris, Kaunti ya Narok, alikotoka pia Mmaasai mwingine aliyetamba katika mita 800, Billy Konchellah. Ukiwaongeza Wilson Kipketer, Mkenya aliyekimbilia Denmark, na Emmanuel Wanyonyi, bingwa wa sasa kutoka Trans Nzoia, unapata mjadala ulio mgumu kuliko ule wa Jordan na LeBron.

Zikisomwa saa peke yake, mambo ni mepesi. Rudisha alikimbia dakika 1:40.91 katika fainali ya Olimpiki jijini London, Agosti 9, 2012. Kipketer alikimbia 1:41.11 jijini Cologne mnamo Agosti 1997. Wanyonyi aliufikia muda huo huo, bila kuzidi wala kupungukiwa, jijini Lausanne mnamo Agosti 2024. Konchellah aliposhinda ubingwa wa dunia jijini Rome mwaka wa 1987 alitumia 1:43.06. Kwa hesabu hiyo Konchellah yuko nyuma kwa zaidi ya sekunde mbili, na katika mita 800 huo ni mwanya wa kumfanya aonekane mtu wa kawaida.

Hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa Mkenya wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa umbali huo, na alipoteza misimu mizima kwa sababu ya maradhi. Hakuwa miongoni mwa washiriki wa Olimpiki za Seoul mwaka wa 1988, ambako dhahabu ilimwendea Mkenya mwingine, Paul Ereng. Hata hivyo alirejea na kulitwaa tena taji la dunia jijini Tokyo mwaka wa 1991. Siku ile ya Rome, rekodi ya dunia ilikuwa 1:41.73 ya Mwingereza Sebastian Coe, iliyowekwa 1981 na ambayo haingevunjwa hadi 1997. Katika miaka hiyo 16, mkimbiaji aliyetumia 1:43 alikuwa miongoni mwa bora kabisa ulimwenguni.

Kilichobadilika tangu hapo ni vifaa. Viatu vya mbio vya tangu mwisho wa muongo uliopita vina soli ya povu jepesi linalomrudishia mkimbiaji sehemu ya nguvu aliyokanyagia, na mara nyingi huwa na bamba gumu ndani yake. Katika mikutano mingi mikubwa, taa zilizopangwa kandokando ya uwanja humwonyesha mwanariadha kasi anayopaswa kuifuata hatua kwa hatua. Konchellah, Kipketer na hata Rudisha wa 2012 hawakuwa na lolote kati ya hayo. Ndiyo sababu kulinganisha saa ya 1987 na ya 2024 moja kwa moja ni kama kulinganisha bei za vitu bila kujali thamani ya shilingi.

Njia bora, ingawa si kamilifu, ni kumpima kila mmoja dhidi ya watu wa rika lake katika kilele cha ubora wake. Konchellah alimshinda Peter Elliott wa Uingereza kwa sekunde 0.35 jijini Rome. Rudisha alimshinda Nijel Amos wa Botswana kwa sekunde 0.82 jijini London. Wanyonyi alipata dhahabu ya Olimpiki jijini Paris mwaka wa 2024 kwa 1:41.19, huku Marco Arop wa Canada akiwa nyuma yake kwa sekunde 0.01 tu. Aliposhinda ubingwa wa dunia jijini Tokyo mwaka wa 2025 kwa 1:41.86, mwanya ulikuwa sekunde 0.04.

Wafuasi wa Wanyonyi wana jibu, na ni jibu lenye uzito. Wanasema mwanya ni mdogo kwa sababu wapinzani ni wakali zaidi. Jijini Paris wanaume wanne walikimbia chini ya 1:42 katika fainali moja. Jijini London walikuwa wawili. Lakini hoja hiyo ina upande wa pili: kundi zima linapopiga hatua mbele katika kipindi kifupi, ni vigumu kuamini kuwa ni vipaji pekee vilivyoongezeka. Huenda viatu vimechangia kumpandisha kila mmoja.

Lipo jambo jingine ambalo saa haionyeshi, nalo ni namna mbio zilivyokimbiwa. Rekodi nyingi huwekwa katika mikutano ambako msaidizi hulipwa kuongoza kasi mzunguko wa kwanza. Kwa rekodi zake mbili za 2010, za Berlin na Rieti, Rudisha alikuwa na msaidizi. London hakuwa naye. Alishika uongozi mwenyewe, akapita mita 400 kwa sekunde 49.28, na hakuna aliyempita hadi utepe. Fainali za Olimpiki kwa kawaida hukimbiwa kwa kuviziana, kila mmoja akiogopa kuwavutia wenzake. Kuweka rekodi ya dunia katika fainali ya aina hiyo, kutoka mbele, bila taa na bila viatu vya kisasa, ni tendo ambalo hakuna bingwa mwingine kati ya hawa aliyelifanya. Kwa kigezo cha kilele, Rudisha anabaki juu.

Kipketer ndiye anayeumizwa zaidi na mjadala huu. Alikuwa bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 1995, 1997 na 1999, lakini suala la uraia lilimfungia nje ya Olimpiki za Atlanta 1996 akiwa katika ubora wake, na hakuwahi kupata dhahabu ya Olimpiki. Mike Boit naye, aliyepata shaba jijini Munich mwaka wa 1972, alizikosa Olimpiki za 1976 na 1980 Kenya iliposusia. Miaka ya kilele chake ilipita bila jukwaa la kukionyesha.

Umri pia una neno lake. Rudisha akiwa na miaka 20 alikimbia 1:42.01, na mwaka huo huo wa 2009 akabanduliwa katika nusu fainali ya mashindano ya dunia. Wanyonyi katika umri huo alikuwa tayari bingwa wa Olimpiki na alikuwa amekimbia 1:41.11. Atatimiza miaka 23, umri aliokuwa nao Rudisha jijini London, mnamo Agosti 2027, wiki chache kabla ya mashindano ya dunia jijini Beijing.