Krimu ya siku tatu na uso wa kijana

Kijana anapoletwa kliniki ya ngozi kwa sababu ya chunusi, mimi huanza kwa kuuliza amekwisha kupaka nini. Mama hufungua mkoba na kuvitoa kimoja kimoja: tyubu mbili zilizokamuliwa hadi mwisho, kikopo kisicho na lebo, kipande cha sabuni ndani ya mfuko wa nailoni, pengine na limau. Hata kabla sijamgusa mtoto usoni nimeshapata picha ya nusu ya ugonjwa wake. Chunusi za balehe zinatibika, tena nyingi kwa dawa za kawaida. Kinachoziharibu nyuso za vijana wetu ni haraka yetu sisi wakubwa, tunaotaka zitoweke kabla ya mahafali, kabla ya harusi ya shangazi, kabla shule hazijafunguliwa.

Nieleze kwanza zinavyotokea. Balehe ikianza, homoni ziitwazo androjeni hupanda kwa wavulana na kwa wasichana pia. Tezi za mafuta zilizoshikamana na mashina ya vinyweleo hukua na kutoa mafuta mengi. Wakati huohuo seli zilizokufa ndani ya kitundu cha kinyweleo hugandamana badala ya kupukutika, na kitundu kinaziba. Kile kidoa cheusi kinachoonekana juu ya kizibo hakihusiani na uchafu. Ni rangi ya ngozi pamoja na mafuta yaliyopigwa na hewa, na kukisugua kwa dodoki ni kuongeza vidonda. Chini ya kizibo, bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu huzaliana, mwili hupambana nao, na kipele huvimba, huuma na kutunga usaha.

Bado nakutana na wazazi wanaoamini kwamba damu ya mtoto imechafuka, wakampa dawa ya kuharisha. Wengine, na hili huniumiza zaidi, wakimwona binti ana vipele huanza kuchunguza nyendo zake, kana kwamba uso umetangaza kuwa ameshaanza wanaume. Kwa wasichana wengi vipele vya kwanza vya paji la uso hujitokeza hata kabla hawajavunja ungo. Ngono haileti chunusi, na ndoa haiziondoi. Binti akishukiwa hivyo nyumbani hujifunza kuficha tu, na akishaficha atatafuta dawa kwa siri, kwa rafiki wa bwenini au kwa muuza vipodozi. Kuhusu chakula, soda na vitu vya sukari nyingi vinaweza kuzidisha chunusi kwa baadhi ya vijana, kwa hiyo kuvipunguza ni busara. Kumnyima karanga ni kumwonea.

Ngozi nyeusi ina jambo lake. Kipele kikishapoa huacha doa jeusi, na doa hilo laweza kukaa miezi mingi, wakati mwingine kupita mwaka. Ukimsikiliza kijana vizuri utagundua kuwa analalamikia madoa kuliko vipele. Doa hilo halimaanishi kwamba chunusi imekataa kupona, wala si kovu. Litafifia lenyewe mradi vipele vipya vidhibitiwe na mkono uache kutumbua, kwani kila anapotumbua, usaha hupasukia ndani, uvimbe huongezeka na weusi huzidi. Lakini familia nyingi hazingoji. Zinaona uso umeharibika, na hapo ndipo mkorogo unapoingia nyumbani.

Mkorogo na krimu za kujichubua mara nyingi huwa na steroidi kali. Soma maandishi madogo kwenye tyubu, utakuta neno clobetasol au betamethasone. Hizi ni dawa halali kwa magonjwa mengine ya ngozi, kwa muda mfupi na kwa maelekezo ya tabibu. Zikipakwa juu ya chunusi hutuliza uvimbe upesi sana. Siku ya tatu uso umelainika na kung'aa, na aliyeileta krimu hiyo anasifiwa ukoo mzima. Baada ya wiki kadhaa huanza kuota vipele vidogo vidogo vinavyolingana, kwenye paji, mashavuni na kidevuni. Ngozi hukonda hadi vimishipa vya damu vionekane, na malaika za mashavu hurefuka. Akiacha kupaka, uso huwaka moto na kuvimba, basi huirudia. Huyo sasa ana magonjwa mawili, na wa pili ni mgumu kuliko ule aliokuja nao. Asiachwe ajikaze peke yake. Aletwe hospitali atolewe kwenye dawa hiyo kwa mpango, naye aambiwe mapema kuwa wiki za mwanzo zitakuwa ngumu, ili asidhani tumemharibu.

Krimu nyingine za kujichubua zina zebaki, ambayo hupenya kwenye ngozi na kuumiza figo. Mkataba wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kusafirisha nje vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 kwa milioni. Hata hivyo, bado vinapatikana madukani.

Dawa ninayoanza nayo kwa vipele vya kawaida ni benzoili peroksaidi, ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Huua bakteria wa chunusi bila kuwazoesha dawa. Muuzaji akikwambia ya asilimia 10 ndiyo kali hivyo ndiyo bora, usimfuate. Ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawasawa na haichomi sana. Hupausha rangi ya nguo, kwa hiyo taulo ya uso na foronya ziwe nyeupe, na khanga ya mama isitumiwe kufutia. Usiku huongezwa adapaleni, dawa ya kuzibua vitundu: kiasi cha punje moja ya njegere, kisambazwe uso mzima, siyo kudondoshea kila kipele tone lake. Wiki mbili za mwanzo apake usiku mmoja na kuruka mmoja, na losheni nyepesi ifuate. Nasisitiza kwenda polepole kwa sababu ngozi yetu ikichomwa na dawa huacha weusi uleule tunaoukimbia. Limau na dawa ya meno huchoma namna hiyohiyo.

Hapo ndipo kazi ya mzazi inapoanza, nayo ni kuilinda dawa kwa wiki 12. Mwezi wa kwanza huenda usione chochote, au vipele vikaongezeka kidogo. Ndipo jirani atakapokuja na kikopo chake. Piga picha moja kila mwezi, karibu na dirisha, saa ileile ya mchana, kwa sababu anayejitazama kwenye kioo kila asubuhi haoni mabadiliko. Usimnunulie kidonge cha doksisaiklini kwa kukisia. Kina nafasi yake kwa chunusi kali, kwa miezi michache, pamoja na dawa ya kupaka. Kikimezwa ovyo kinafuga bakteria sugu.

Nyumba nyingi za pwani hutumia mafuta ya nazi kwa kila kitu. Kwenye nywele hayana neno, ila yakishukia kwenye paji la uso huziba vitundu. Kunawa kwa sabuni laini asubuhi na jioni kunatosha. Kwa mwanafunzi wa bweni, mpe mwalimu wa malezi au matroni barua yenye majina ya dawa, la sivyo siku ya ukaguzi zitachukuliwa pamoja na vipodozi vilivyopigwa marufuku.

Usisubiri wiki 12 ikiwa kuna mavimbe ya ndani yanayouma, makovu yanaanza, au chunusi zimeenea kifuani na mgongoni. Msichana ambaye hedhi zake zimevurugika huku ndevu zikimtoka achunguzwe homoni. Kijana anayemeza dawa za kifua kikuu au kifafa amweleze daktari, kwani baadhi yake huleta vipele, ila asiache kuzimeza. Kwa chunusi nzito ipo aisotretinoini, dawa yenye nguvu kweli, lakini huharibu mimba vibaya sana. Mtu asiinunue mtaani wala kuazimana.

Kisha kuna maneno ya nyumbani. Utani wa kaka mezani kuhusu uso wa mdogo wake unaumiza, hata yeye akicheka. Ukitaka kuanza mazungumzo, uliza lile analoweza kulijibu: "Mwanangu, hizi zinakuuma? Ungependa twende tukamwone daktari?" Akisema hapana, muulize tena wiki ijayo. Ukubwa wa huzuni haulingani na idadi ya vipele. Nimewaona wenye vichache tu wakiwa wameacha kwenda shule. Akianza kujifungia chumbani, kukataa chakula au kutega masomo, ichukulie huzuni hiyo kuwa ugonjwa unaotibiwa sambamba na ngozi, na umwambie daktari waziwazi mbele yake au pembeni. Akitamka kwamba haoni faida ya kuishi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na usimwache peke yake njiani.