Sonona Si Moja: Picha za Ubongo Zinatuonyesha Nini?

Mmoja halali, mawazo yanamzunguka usiku kucha. Mwingine analala mchana kutwa na hakuna kinachomfurahisha. Hospitalini wote wawili huandikiwa neno moja, sonona, na huenda wakaanzishiwa dawa ileile. Ikimsaidia wa kwanza na kumshinda wa pili, huyu wa pili huanza kuambiwa kuwa hasali vya kutosha. Tumelisikia hilo parokiani, na hata bwenini kwetu.

Mwaka 2024, watafiti walioongozwa na Leanne Williams wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha katika jarida la Nature Medicine uchunguzi wa watu 801 wenye sonona au wasiwasi uliokithiri. Waliwapiga picha za ubongo kwa mashine ya MRI. Mashine hii haisomi mawazo, ingawa baadhi yetu tulidhani hivyo. Inafuata damu: sehemu ya ubongo inayofanya kazi zaidi huletewa damu yenye oksijeni nyingi, na hiyo hubadilisha kidogo ishara ya sumaku inayopimwa. Watu hao walipigwa picha wakiwa wametulia, kisha wakitazama nyuso zenye hisia mbalimbali na kufanya majaribio ya akili. Kompyuta ikawapanga kwa kufuata jinsi sehemu za ubongo zinavyoshirikiana. Yakatokea makundi sita.

Kati yao, 250 walipewa, kwa kubahatisha, dawa moja kati ya tatu au tiba ya mazungumzo. Waliokuwa na sehemu za kufikiri zinazofanya kazi kupita kiasi walinufaika zaidi na dawa ya venlafaksini. Kundi jingine lilisaidiwa zaidi na mazungumzo. La tatu, ambalo njia ya ubongo inayoongoza umakini ilikuwa imefifia, halikupata sana kutoka katika mazungumzo hayohayo.

Tusikimbilie kushangilia. Mwaka 2017 watafiti wengine walitangaza aina nne za sonona kwa picha kama hizi. Mwaka 2019 njia yao iliporudiwa kwa wagonjwa wengine, ushahidi wa aina hizo haukusimama imara. Kwa hiyo daktari bado anauliza na kusikiliza. Tena picha huonyesha kinachotendeka ubongoni, haisemi kilianzaje: kwa kufiwa, kwa kurithi, au kwa vyote pamoja. (Wanafalsafa tungeweza kubishana hapo hadi kengele ya chakula.) Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akizungumzia huzuni na si ugonjwa huu, alitaja dawa kadhaa: machozi, marafiki, kutafakari ukweli, hata usingizi na kuoga.

Ambaye dawa yake haijafanya kazi asiiache ghafla, maana mwili unaweza kusumbuka. Arudi kwa daktari, aeleze ni wiki ngapi ametumia na nini hakijabadilika, kisha aulize kuhusu dawa nyingine au tiba ya mazungumzo. Akiwa na mawazo ya kujiua, aende siku hiyohiyo, na mmoja wetu amsindikize.