Laini ya Nani, Maneno ya Nani?

Mimi ni wakala wa M-Pesa katika soko la Kianjokoma, kaunti ya Embu, na mara kwa mara mtu huja dirishani kwangu na namba ya simu ameiandika kwenye kiganja. Hajaja kutuma pesa. Anataka nimwambie namba hiyo ni ya nani, kwa sababu mwenye namba amemtukana kwenye kikundi cha WhatsApp na hajulikani. Huwa nakataa. Nataka kueleza sababu zangu, maana ugomvi wa majina yaliyofichwa umeingia kila kijiji, na wengi wanaupigana bila kuelewa jinsi simu zenyewe zinavyofanya kazi.

Kikundi chetu kina wakulima wa majani chai na kahawa, walimu, watu wa bodaboda, na watoto wetu waliokwenda Nairobi na ng'ambo. Siku za kawaida ni tangazo la mazishi, mchango wa hospitali, ng'ombe aliyekata kamba. Oktoba ikifika na bonasi ya chai ikatangazwa, mambo hubadilika. Kila kiwanda kilicho chini ya shirika la chai la KTDA hulipa bonasi yake, na mkulima wa huku akisikia mwenzake wa mbali kidogo amepewa shilingi kadhaa zaidi kwa kilo, hasira humpanda. Fulani amekula. Fulani aliuza kura. Uchaguzi wa wakurugenzi wa kiwanda ukikaribia ni vivyo hivyo, na hapo ndipo namba zisizojulikana huanza kusema sana.

Mtu ambaye hujamhifadhi kwenye simu yako akiandika kikundini, WhatsApp hukuonyesha namba yake na jina alilojichagulia mwenyewe. Anaweza kujiita Baraka au Mkulima Halisi. Anaweza kujipa jina la mzee wa kanisa na picha ya mzee huyo aliyoitoa Facebook, kisha akaomba mchango wa mgonjwa asiyekuwapo. Kikundi hakimuulizi kitambulisho. Kwa hiyo watu wamebuni njia yao ya upelelezi: wanajifanya wanatuma shilingi kidogo kwa ile namba, M-Pesa inawaonyesha jina la aliyesajili laini ili wathibitishe, nao wanaufuta muamala kabla haujapita. Jina wanalipiga picha na kulibandika kikundini. Tumemjua!

Hawajamjua. Wamejua kitambulisho kilichotumika kusajili laini, na mimi ninayesajili laini najua safari ambazo laini hupitia baada ya hapo. Mama husajili laini kwa kitambulisho chake ampe kijana ambaye hajafika miaka 18. Kijana humpa binamu yake. Mume husajili laini mbili, ya pili ikawa ya mkewe. Laini isiyotumika kwa miezi mingi hurudishwa na kampuni ya simu na kuuzwa kwa mtu mwingine kabisa, huku kwenye kikundi namba ile ile ikiendelea kuitwa kwa jina la mwenyewe wa zamani. Tena kuna wizi: mtu anakupigia kwa sauti ya upole, anasema ametuma tarakimu 6 kwako kwa bahati mbaya, naomba unisomee. Ukimsomea, WhatsApp yako ni yake. Atawaandikia ndugu zako wote akiwa na jina lako na picha yako, na wewe, uliyefungiwa nje, hutaona anachoandika.

Kwa jirani zetu yupo nyanya mmoja, cucu kama tunavyomwita huku, aliyepita miaka 70, mjane, asiyejua kusoma. Msimu mmoja wa uchaguzi wa chai, namba fulani ilimwandikia mgombea maneno mazito kuhusu mke wake na watoto wake, maneno ambayo sitayarudia. Wafuasi wa mgombea wakafanya ule upelelezi wa M-Pesa, na jina likatokea: la cucu. Kabla ya jioni picha ilikuwa imezagaa katika vikundi vingine. Akina mama wa chama chake waliacha kumpitia siku ya mkutano. Vijana walifika hadi kwenye lango lake wakipiga kelele. Yeye hakuelewa alichoshtakiwa, maana simu yake ni ile ndogo ya vitufe ambayo hata WhatsApp haiwezi. Laini iliyotukana aliisajili miaka mingi nyuma kwa ajili ya mjukuu, mjukuu akaiacha alipopata kitambulisho chake, na ikapita mikononi mwa watu ambao hakuna aliyeweza kuwataja kwa uhakika. Wazee waliketi, wakasikiliza, wakamtakasa. Lakini walioisambaza ile picha walikuwa mamia, na waliofika kusikia hukumu ya wazee walikuwa wachache. Jambo hili linaniuma hadi leo. Tusi la asiyejulikana lilimuumiza mgombea, nalo lingesahaulika. Ila ufichuzi wa uongo ulimwangukia mtu mwenye sura na nyumba inayojulikana.

Ugomvi wa aina hii haukuanza na WhatsApp. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Mkenya David Kobia, aliyekuwa akiishi Marekani, alianzisha Mashada, ukumbi ambapo Wakenya wa nyumbani na wa ughaibuni walikutana kwa majina ya kubuni. Kwa miaka walizungumza siasa na mapenzi na mpira. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipochafuka na damu ikamwagika, majina yale ya kubuni yakawa ngao ya chuki ya kikabila. Mwenye ukumbi aliona maneno yamemzidi nguvu, na Januari 2008 akaufunga. Badala yake akafungua ukurasa wa watu kutangaza kwamba hawana kabila, na baadaye akawa miongoni mwa waliojenga Ushahidi, programu ya kupokea taarifa za vurugu na kuzionyesha kwenye ramani. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika machafuko yale. Sidhani kufunga kulimfurahisha, lakini nadhani alifanya vyema. Alizima moto bila kuanika orodha ya majina.

Upande wa Tanzania, Maxence Melo na wenzake walianzisha JamiiForums mwaka wa 2006, na wananchi wakaandika humo habari za ufisadi ambazo wasingethubutu kuzitia sahihi. Desemba 2016 polisi walimkamata Melo. Walitaka awape taarifa za walioandika, naye akakataa. Alipanda na kushuka ngazi za mahakama ya Kisutu kwa miaka, na mwaka wa 2020 akahukumiwa kulipa faini ya shilingi milioni 3 za Tanzania au kwenda jela mwaka mmoja kwa kuzuia uchunguzi. Majina hakuyatoa. Ninapomkatalia mtu pale dirishani kwangu, namkumbuka Melo, ingawa mzigo wake na wangu haulingani.

Nasi wa Kianjokoma tuna sababu yetu ya kuheshimu mtu anayeficha jina. Usiku wa tarehe 1 Agosti 2021, wakati wa kafyu ya korona, polisi waliwakamata ndugu wawili wa hapa kwetu, Benson Njiru mwenye miaka 22 na Emmanuel Mutura mwenye miaka 19. Siku mbili baadaye familia iliwapata katika chumba cha maiti cha hospitali ya Embu. Polisi walisema vijana waliruka kutoka kwenye gari lililokuwa likienda. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa na mbavu. Katika siku chache jina la soko letu dogo, chini ya Mlima Kenya, lilikuwa midomoni mwa Kenya nzima, kwa sababu watu waliandika bila kukoma, wengi kwa majina yasiyo yao. Nani angewalaumu? Waliokuwa wakilalamikiwa walikuwa na bunduki na pingu. Maafisa 6 wa polisi walifikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji.

Halafu yapo mambo yanayotokea pale ambapo mwenye nguvu anajiamulia mwenyewe kwamba amemjua mwandishi. Tarehe 21 Desemba 2024, hapa Embu mjini, kijana Billy Mwangi alichukuliwa kwa kinyozi na watu waliokuja kwa gari, baada ya kuhusishwa na picha ya kutengenezwa iliyomwonyesha Rais ndani ya jeneza. Wazazi wake walikesha Krismasi na mwaka mpya bila kujua aliko. Polisi walikana kumshikilia. Alirudi nyumbani tarehe 6 Januari 2025. Picha ile iliwachukiza wengi, na mimi ni mmoja wao, lakini mahali pa kuuliza ni nani aliyeiweka na kama ni kosa ni mbele ya hakimu, mchana. Miezi mitano baadaye mwalimu Albert Ojwang, mwenye miaka 31, alikamatwa Homa Bay kwa madai ya maandishi ya mtandao wa X kumhusu Naibu Inspekta Jenerali Eliud Lagat. Alifia mikononi mwa polisi Nairobi tarehe 8 Juni 2025. Polisi walisema alijigonga ukutani. Madaktari waliompasua walikuta majeraha ambayo mtu hawezi kujifanyia. Hakuna mahakama iliyokuwa imesikia iwapo maandishi yale yalikuwa yake.

Sheria ipo, na si kwamba watukanaji hawana wa kuwashika. Sheria ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka 2018 inamwadhibu anayetumia kwa udanganyifu nywila au alama ya utambulisho ya mtu mwingine: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Mahakama nazo zimewahi kuweka mipaka. Geoffrey Andare aliposhtakiwa mwaka wa 2015 kwa maneno ya Facebook, Jaji Mumbi Ngugi alikibatilisha kifungu cha sheria nyingine kilichotumika, Aprili 2016, kwa kuwa kilikuwa kipana na hakikumweleza mwananchi wazi alichokatazwa. Kuthibitisha nani alishika simu kunahitaji kifaa chenyewe, kumbukumbu za kampuni, na shahidi wa kuhojiwa. Picha ya jina la M-Pesa haitoshi hata robo.

Basi nawaomba ninyi mnaosimamia vikundi, wa chai, wa kanisa, wa ukoo. Tusi likiingia, lifute na umwondoe aliyeliandika, hata kama humjui; hukumjua alipoingia, huna haja ya kumjua anapotoka. Akiomba pesa kwa jina la mzee, mpigie mzee, umsikie sauti. Aliyetishiwa maisha ahifadhi ujumbe kama ulivyo na aupeleke kituoni akiwa na mtu wa kumshuhudia. Na mtu yeyote akibandika jina la mwingine akidai ndiye aliyeandika, mwondoe naye, siku hiyo hiyo, kabla vijana hawajafika kwenye lango la mtu.