UNAKWENDA KUVUA SAMAKI PEKE YAKO? ACHA JETO YAKO NYUMBANI



Konje ikifika, wengi wetu hufikiri mto. Mwingine anakwenda Lufira au kwenye ziwa Tshangalele, mwingine anakwenda Nzilo, mwingine anapanda treni hadi Bukama na kushuka Lualaba kwa mtumbwi, bwato kama tunavyosema hapa. Anabeba bunga yake, chumvi, ndoano na nyavu, analala kando ya maji siku tatu au nne, kisha anarudi na kikapo cha samaki waliokaushwa. Na kuna wanaopenda kwenda peke yao. Tunawaelewa. Mtu aliyesikia kelele za mashini mwaka mzima ana haki ya kusikia ndege na maji.

Ukurasa huu haukukatazi kwenda. Unakueleza jambo moja: safari ya mtu mmoja si sawa na safari ya watu wawili. Ndoano ikikuingia mkononi na mwenzako yuko, ni jambo dogo. Ukiwa peke yako, kilometa 20 kutoka kwenye dispansere, jambo lile lile linaweza kukuua. Basi mtu wa peke yake hujilinda mapema, kabla ya ajali.

JETO YA MTONI

Mnajua desturi ya mashimo ya chini ya udongo. Kabla ya kushuka, kila mtu anaacha jeto yake juu. Mwisho wa kazi, jeto ikibaki kwenye msumari, wakubwa wanajua kwamba mtu fulani hajapanda, wanaanza kumtafuta mara moja. Hawangojei kesho.

Mtoni hakuna msumari wala mlinzi wa lampe. Kwa hiyo jeto yako uiache nyumbani. Chukua karatasi uandike mambo manne: unaingia majini mahali gani; utalala wapi kila usiku; utarudi siku gani; na saa gani watu waanze kukutafuta kama hujarudi. Karatasi moja mpe bibi yako, au mzazi, au ndugu mkubwa. Habari hiyo hiyo mwambie shefu wa kijiji cha mwisho kabla ya kupanda mtumbwi. Kumwamkia shefu ni heshima, tena ni usalama: yeye ndiye atakayejua nani ana mtumbwi wa kukufuata. Atakuambia pia kama uvuvi uko wazi, maana iko miezi ambayo unafungwa ili samaki wazae.

Nawe mama uliyebaki nyumbani, saa iliyoandikwa ikipita, usione haya. Usiseme, "Labda samaki ni wengi, acha ningoje kidogo." Piga habari. Bwana akirudi kesho yake akicheka, mcheke pamoja. Ni bora kuliko kulia.

Wengine watasema: leo tuna telefone. Ni kweli, ibebe, uifunge vizuri ndani ya plastiki. Lakini mahali pengi kando ya Lufira na Lualaba hakuna rezo, na betri inakwisha. Telefone inasaidia karatasi, haichukui nafasi yake.

MAJI YENYEWE

Adui wa kwanza wa mvuvi ni maji. Mamba na nyoka wanakuja nyuma. Mtu anazama kimya, kwa dakika chache, na mara nyingi si mbali na ukingo.

Usipande mtumbwi siku ile ile unayotoka kazi ya usiku. Lala kwanza. Mtu mwenye usingizi anakosa mizani, na mtumbwi hausamehe. Lutuku na bia zibaki kijijini. Pombe inaondoa mizani, tena inampa mtu ushujaa wa uongo, na mwilini inafanya joto litoke upesi.

Kama huna koti la kuelea, chukua bido ya plastiki ya litri 10, tupu, iliyofungwa kabisa, uifunge kwa kamba fupi kwenye mtumbwi karibu na mkono wako. Bido hiyo inatosha kukushikilia kichwa juu ya maji. Mtumbwi ukipinduka, usiuache. Mtumbwi wa mti kwa kawaida unaendelea kuelea hata ukijaa maji. Ushike, piga miguu polepole kuelekea ukingo, ufuate mkondo kwa upande, usishindane nao. Wanaojua kuogelea ndio wanaojaribu kufika haraka, na wengi wao wanachoka katikati.

Usisimame ndani ya mtumbwi kwa kutupa nyavu. Buti za mpira vaa wakati wa kupanda na kushuka. Ukiisha kukaa, zivue, maana buti zenye maji zinakuzuia kuogelea.

Jihadhari na mabwawa ya umeme. Bwawa la Mwadingusha juu ya Lufira liko pale tangu 1930, na karibu nalo kuna maporomoko. Usikaribie bwawa wala maporomoko kwa mtumbwi. Na chini ya bwawa lolote, maji yanaweza kupanda ghafla hata kama mvua haikunyesha, kwa sababu milango imefunguliwa. Usipige kambi kwenye mchanga ulio chini ya bwawa. Juu ya Lualaba, upande wa Nzilo, kuna makorongo yenye maji makali: mahali pale si pa mtu mmoja. Upande wa Bukama na maziwa ya Upemba maji ni ya polepole, lakini mafunjo na majani yanayoelea husukumwa na upepo na kufunga njia. Asubuhi umepita, jioni huoni njia. Ndiyo sababu uwaulize wavuvi wa pale kila siku.

Wakati wa mvua, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, radi ni hatari kubwa. Ukisikia ngurumo, toka majini upesi, usikae chini ya mti ulio peke yake. Ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

WENYE MTO

Kiboko anatoka majini jioni kwenda kula majani, anarudi alfajiri. Anafuata njia yake ile ile. Ukiona njia iliyokanyagwa kama barabara inayoshuka majini, usipige kambi hapo. Usijiweke kati ya kiboko na maji ya kina, wala kati ya mama na mtoto. Ukipita mahali wanapokaa, pita kando, mahali maji ni mafupi, ukigonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia ili wakusikie na kuinua vichwa.

Mamba, yaani ngandu, anajifunza mazoea yako. Ukichota maji mahali pamoja kila asubuhi, siku ya tatu anakungoja. Badilisha mahali, chota kwa ndoo yenye kamba, usiingie majini usiku. Matumbo ya samaki usiyaache karibu na unapolala. Lala mbali na maji, hatua 50 au zaidi.

Nyoka akikuuma, usikate kidonda, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Jiwe jeusi ambalo wengi wanaliamini haliondoi sumu, linakupotezea saa. Vua pete na saa ya mkono, tuliza mguu au mkono kwa kijiti na kitambaa, usiusogeze, uite watu kwa filimbi. Hapa ndipo utakapojua thamani ya kulala karibu na kambi ya wavuvi wengine.

BARIDI NA MBABULA

Wengi wanachagua Juni na Julai kwa sababu hakuna mvua. Lakini usiku wa miezi hiyo ni baridi kali kwetu Katanga, na mtu aliyelowa anapoteza joto upesi. Beba nguo kavu ndani ya plastiki, usiziguse mchana.

Na sikiliza vizuri jambo hili. Usiingize mbabula yenye makala ndani ya hema au kibanda kilichofungwa. Makala yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Wachimbaji wanaijua hatari ya gesi chini ya udongo; ni hatari ile ile ndani ya kibanda. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, haamki tena. Ota moto nje, uuzime, ndipo uingie kulala.

MAGONJWA UNAYORUDI NAYO

Malaria. Lala ndani ya chandarua chenye dawa, hata kama unaona mbu ni wachache. Usikitumie chandarua hicho kuvulia samaki. Homa huonekana mara nyingi siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu, wakati umekwisha kurudi kazini. Kwa hiyo ukipata homa, mwambie muganga: "Nilikuwa mtoni." Maneno hayo mawili yanamsaidia kupima upesi.

Bilarizi, au kichocho. Konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya maji yaliyotulia wanatoa vidudu ambavyo macho hayavioni. Vidudu hivyo vinapenya ngozi yako bila kuuma, zaidi wakati jua ni kali, katikati ya mchana. Oga kwa maji yaliyochemshwa au yaliyokaa katika ndoo safi yenye kifuniko siku mbili. Ukiingia majini kwa bahati mbaya, jifute mara moja kwa nguvu. Kukojoa damu, au damu katika choo kikubwa, si jambo la kuficha. Hata kama huumwi, njoo upimwe baada ya miezi 2 au 3, maana kabla ya hapo mayai hayaonekani vizuri. Dawa ya praziquantel inaponya. Ugonjwa usiotibiwa unaharibu kibofu na ini.

Kolera. Upande wa maziwa ya Lualaba na wa ziwa Tanganyika, ugonjwa huu umerudi mara nyingi tangu miaka ya 1970. Chemsha maji ya kunywa au tia dawa ya klorini, nawa mikono kwa sabuni, pika samaki mpaka aive kabisa. Ukianza kuhara maji matupu, usijaribu kujitibu peke yako kambini: kwa saa chache mtu anakauka na kukosa nguvu ya kushika kasia. Ondoka ungali na nguvu, nenda kwenye watu walio karibu. Njiani kunywa maji haya: litri 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kunywa kidogo kidogo, bila kuacha.

Tena kumbuka: kuchemsha kunaua vidudu, lakini hakuondoi shaba, kobalti wala risasi. Maji yanayotoka upande wa viwanda na lundo za uchafu wa mawe usiyanywe, hata yakichemka mara tatu.

NANI ASIENDE PEKE YAKE

Mwenye kifafa asiende peke yake kabisa: kuanguka ndani ya maji ni kufa. Mwenye ugonjwa wa moyo, wa sukari au wa presha aje kwanza tuongee naye. Aliyetoka kupasuliwa au mwenye kidonda ambacho hakijafunga, angoje. Wengine wote, wapite kwenye dispansere waulize kama chanjo yao ya tetanosi ingali nzuri, maana ndoano, visu na mwiba wa kambale havikosi.

VITU VYA KUBEBA

Chandarua, filimbi, tochi, kisu, kamba, bido tupu, kiberiti katika kopo lililofungwa, sabuni, vitambaa safi vya kufunga kidonda, paracetamol, dawa ya maji, sukari na chumvi, nguo kavu. Dawa zako za kila siku, za siku mbili zaidi ya safari. Filimbi ivae shingoni. Haifai kitu ikiwa ndani ya mfuko na mtumbwi umepinduka.

Ndugu msomaji, utaona kwamba kati ya mambo yote haya, la bei ndogo ni karatasi moja na kalamu. Mtu anaweza kwenda peke yake, lakini asipotee peke yake. Mwenzake wa safari ni yule aliyebaki nyumbani anayejua mahali alipo na saa ya kumtafuta.

Na ukirudi salama, usisahau kupita kwa shefu wa kijiji na kumwambia bibi yako: "Nimerudi, toa jeto yangu." Vinginevyo watu watatoka usiku kukutafuta, nawe umelala kitandani.

Uvuvi mwema, na kikapo kijae.