Koomenjoe na Majagina wa Vibonzo: Nguvu au Kitendawili?

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Vijana wengi vyuoni Meru na Embu wanaweza kumsimulia Superman, aliyeanza kuchapishwa mwaka 1938, Spider-Man wa 1962 na Black Panther wa 1966 pasi na kukosea hata rangi za mavazi yao. Aghalabu hudhaniwa kuwa jagina wa aina hiyo ni zao la Marekani, na kwamba miteremko ya Mlima Kenya haina mtu wa kuwekwa kando yake. Dhana hiyo ina kasoro, kwani jagina wa Wameru alikwisha kuchorwa katika kitabu cha vibonzo tangu miaka ya 1980.

Jagina huyo ni Koomenjoe. Kisa chake kilitolewa katika mfululizo wa Pichadithi wa Kul Graphics, uliobuniwa na mchoraji Terry Hirst, yule aliyeanzisha jarida la Joe pamoja na Hilary Ng'weno mwaka 1973. Jina la mfululizo huo ni mfano mzuri wa uhulutishaji: picha na hadithi zimeungana zikawa neno moja. Humo Koomenjoe aliwekwa bega kwa bega na Lwanda Magere wa Waluo.

Kwa mujibu wa mighani ya Wameru, mababu zao waliishi Mbwaa wakitumikishwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Baadhi ya wanahistoria, akiwemo Jeffrey Fadiman, wameihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Mabwana hao waliwatwika watumwa wao mitihani iliyokusudiwa kuwashinda. Walitaka ndama atoaye kinyesi cheupe. Ndama akanyweshwa maziwa tu. Walitaka mbwa mwenye pembe. Pembe za digidigi zikabandikwa kichwani mwa mbwa. Walitaka viatu vyenye manyoya ndani na nje. Ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe ikatumika. Walitupa tunda katika shimo refu na kuagiza litolewe bila kutobolewa. Maji yakamiminwa, tunda likaelea. Hatimaye walidai mkuki unaogusa ardhi na mbingu. Hapo hapakuwa na jawabu ila kutoroka. Koomenjoe aliyapiga maji kwa fimbo, yakagawanyika, na watu wakavuka. Waliovuka usiku wakawa ukoo wa Njiru, yaani weusi. Wa alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Na wa mchana wakawa Njeru, weupe. Mfanano wa tukio hili na kisa cha Musa umewashughulisha wataalamu kwa muda mrefu.

Yamkini msomaji wa vibonzo ataukimbilia muujiza wa bahari, kwa kuwa ndio unaofanana na mambo ya Superman. Hata hivyo, uzito wa kisa hiki umo katika mitihani inayoutangulia. Koomenjoe na wazee wenzake hawana misuli ya ajabu wala silaha. Kila amri ya Nguo Ntune ni kitendawili kilichotegwa, na kila jibu ni uteguzi. Muujiza huja pale tu ambapo akili imefika kikomo.

Sifa hiyo ndiyo inayokifanya kisa kifae sana kuchorwa. Katika vibonzo, hadithi haisimuliwi na picha pekee, bali pia na nafasi iliyo kati ya fremu moja na nyingine. Fremu ya kwanza huonyesha tatizo, ya pili huonyesha matokeo, na katikati msomaji hulazimika kujaza pengo mwenyewe. Mtegaji wa kitendawili hufanya vivyo hivyo anapotega na kunyamaza, akiisubiri hadhira ihangaike kabla ya kupewa mji. Fremu moja ikimwonyesha mzee akilitazama tunda ndani ya shimo, msomaji ataanza kutafuta jibu kabla hajafungua ukurasa.

Aidha, mila za Meru zina alama ambazo mchoraji wa vibonzo angezitamani. Masimulizi humhusisha Koomenjoe na cheo cha Mugwe, kiongozi mbariki aliyechunguzwa na Bernardo Bernardi katika kitabu cha mwaka 1959. Mkono wa kushoto wa Mugwe ulifichwa ndani ya vazi. Ilisemekana kuwa akiuinua tu, adui husimama. Nguvu iliyofichwa chini ya nguo ni jambo analolijua kila mpenzi wa Superman. Embu nako kuna Mwenendega na mkewe Nthara, wanaotajwa kuwa chimbuko la Waembu, na masimulizi yaliyokusanywa na H. S. K. Mwaniki katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu Embu na Mbeere.

Suala linalobaki ni la lugha. Licha ya jina la Kiswahili la mfululizo, kisa cha Koomenjoe kilichapishwa kwa Kiingereza. Jarida la Shujaaz, lililoanza mwaka 2010, lilithibitisha kuwa vijana wa Kenya husoma vibonzo kwa hamu, lakini lilichagua Sheng. Kiswahili sanifu, chenye hazina ya vitendawili na istilahi za mighani, kimeachwa darasani kikichambua majagina wanaozungumza lugha nyingine ukurasani. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeijua lugha ya nyanyake kule Tigania au Runyenjes ana vyote viwili vinavyohitajika: kisa na lugha ya kukitegea.